Mwalimu wa Kwaya Hakuunguza Kompyuta

Hapa Hamugembe ukiuliza habari za mwalimu wetu wa kwaya, mtu wa kwanza atakuambia alikuwa mzee mkaidi. Wa pili atakuambia aliunguza kompyuta ya kanisa kwa kuifanyia michezo ya vijana. Kwa hilo la kwanza sina ugomvi. La pili ni uongo, na mimi niliyeimba alto mbele ya mkono wake miaka mingi nimechoka kulisikia saluni kwangu huku nimeshika kichwa cha mtu. Hakuiunguza. Aliipandisha mwendo, akaipandisha kwa adabu, na kazi aliyotaka kuifanya akaifanya. Anayetaka kubisha asubiri nimalize.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Kwetu Uhayani swali la ukoo hufuata salamu papo hapo, na yeye alilichukia. Mgeni akija mazoezini na kuanza, "Mimi ni mjukuu wa fulani, wale wa Kanazi," Mwalimu alimkatiza kwa heshima ya Kihaya: "Imba kwanza, waitu." Akishaimba alipewa jina la sauti yake na halikubadilika tena. Mimi niliitwa Alto. Wenzangu wote wa mstari wangu nao waliitwa Alto, na sijui alifanyaje, lakini kila mmoja alijua ni nani anayeitwa. Hata kwenye harusi yangu, aliposimamishwa aseme neno kwa maharusi, alimtazama mume wangu na kusema, "Umeoa Alto. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi." Akakaa.

Mfukoni hakukosa akamwani, zile buni kavu zilizochemshwa ambazo wazee wetu humpa mgeni atafune. Aliyeimba vizuri alipewa punje mbili. Aliyeimba vibaya alipewa nyingi zaidi, ili mdomo wake upate shughuli nyingine.

Na alikuwa mtu wa polepole. Hili nalisema mapema kwa sababu wanaomsema wanamfanya aonekane mzee aliyepagawa na mbio. Mwalimu hakupanda bodaboda mpaka aumwe, na siku aliyoumwa alimshika dereva bega njia nzima: "Taratibu, baba, sijachelewa popote." Nyimbo za haraka haraka alizikataa hadharani. Kijana mmoja wa besi alipomwomba tuchangamshe wimbo wa mavuno, alimjibu kwamba ndizi haivi kwa kupigiwa makofi. Mtu huyo ndiye aliyefungua kompyuta na kuitaka ikimbie kuliko ilivyotoka kiwandani. Mimi mwenyewe nilimuuliza inakuwaje. Alisema, "Mashine ikimbie ili mimi nisikimbie."

Kilichomsukuma kilikuwa masikio. La kulia lilianza kuondoka, la kushoto likafuata, na daktari alimwambia wazi kwamba yanayoondoka hayarudi. Hakututangazia. Sisi tulijua kwa jinsi alivyokuwa akigeuza shingo, na kwa kuwa tulikuwa watu wa heshima tulijifanya hatujui. Sauti nzito alizipata. Nyembamba zilimtoroka. Halafu kulikuwa na mlio, kama senene waliofungiwa ndani ya ndoo, alisema, unaoanza jua likipanda na kukaa naye mpaka jioni.

Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja tu. Akina mama wazee wa soprano walikuwa na nyimbo za Kihaya walizozipokea kwa mama zao, nyingine hazimo hata katika kitabu cha nyimbo, na walikuwa wakiziimba kwa mvuto ambao hakuna kijana aliyeuweza. Alitaka kuzirekodi, na kuzimiksi mwenyewe, kupanga sauti ipi ipande na ipi ishuke, kabla hajawa kiziwi. Kamati ya kwaya ilitaka zipelekwe studio Mwanza. Studio hiyo ilishawahi kutufanyia wimbo mmoja. Ulirudi na ngoma za mashine na kinanda kinachometameta, na akina mama wamelainishwa hata mtu asiitambue sauti ya mama yake. Mwalimu aliusikiliza mara moja, akaitoa flashi, akaiweka juu ya meza mbele ya Mwenyekiti wa kamati kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Mmepelekewa kwaya, mmeletewa disko," alisema.

Kompyuta yenyewe aliiacha muumini mmoja aliyehamia Dar es Salaam. Lilikuwa sanduku kubwa jeusi la mezani, lililonunuliwa kwa ajili ya michezo ya vita, na likaishia katika chumba cha kwaya nyuma ya kanisa. Kwa barua na matangazo ya ibada lilikuwa na nguvu kupita kiasi. Lakini Mwalimu alirekodi kila sauti peke yake, kila mama na maiki yake, treki juu ya treki, na alipozifungulia zote pamoja mashine ilikwama na wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Masikio yangu yana saa moja nzuri kwa siku, asubuhi," aliniambia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuyataja mbele yangu. "Nikibonyeza, yenyewe inafikiri. Nikibonyeza tena, inafikiri. Ikimaliza kufikiri, mlio umeshaanza. Mashine hii inakula saa yangu, Alto."

Kununua nyingine? Kamati iliyokuwa ikingoja ashindwe isingemnunulia hata waya. Basi akaamua kuipandisha mwendo hiyo hiyo.

Watu wanadhani aliingia kichwa kichwa. Kwanza alikaa wiki kadhaa bila kugusa kitu, akisoma kijitabu cha madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, kama anavyosoma noti za wimbo mpya, na kutazama video za mafundi kwenye simu akifuata maandishi ya chini. Alitaka kujua prosesa yake, ule ubongo wa mashine, ni ya aina gani, maana nyingine zimefungwa kiwandani na hata ukiziimbia hazipandi. Yake haikuwa imefungwa. Halafu akafungua sanduku na kulipangusa lote kwa brashi ya rangi. Akang'oa feni ya prosesa na kile kipozajoto chenye mapezi ya bati, akakwangua pesti ya zamani ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka kama ugali wa jana, akaweka mpya kiasi cha punje moja ya maharage. Nilikuwepo. Niliona ni kidogo, nikamwambia aongeze.

"Unaweka mafuta kichwani mwa mteja au unapika?" aliniuliza.

Stebilaiza alikuwa nayo tangu zamani, kwa sababu umeme wetu kila mtu anaujua tabia. Hata hivyo, siku ambazo taa zilipepesa hakugusa kitu. Nyuma ya mlango aliandika kwa chaki namba za kiwandani, mwendo na joto, na chini yake akaacha nafasi ya namba zake mwenyewe. Akanionyesha na kale kabetri ka mviringo kwenye madabodi, ka ukubwa wa kifungo cha koti. Ukizima, ukachomoa waya wa umeme, ukakatoa kwa muda, mashine inasahau yote uliyoiambia na kurudi ilivyozaliwa. "Mimi siingii mahali nisipojua mlango wa kutokea," alisema.

Ndipo akaanza, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Kwaya yetu inajua jinsi Mwalimu alivyotafuta sauti ya wimbo. Aliuanzisha chini, tukauimba wote, beti zote, kisha akaupandisha nusu sauti, tukauimba tena wote. Walimu wengine hujaribu ubeti wa kwanza wakaridhika. Yeye alisema ubeti wa kwanza mtu yeyote anauweza, hata mgonjwa, na kwamba wimbo unakuambia ukweli kwenye ubeti wa mwisho, koo zikishachoka. Palipopasuka sauti alirudi nusu chini, na hapo ndipo tulipoimbia Jumapili. Prosesa aliifanyia vivyo hivyo. Alipandisha hatua moja ndogo, volti akaziacha zilivyo, akawasha programu ya kuitesa na kuiacha iteseke mchana kutwa huku yeye akipalilia migomba yake. Akirudi anatazama joto. Likiwa sawa, hatua nyingine, siku nyingine. Nilimwona akifanya hivyo wiki nzima na hakuna kilichotokea, na nakiri ilinichosha hata kuangalia.

Hatimaye ikastaki. Skrini ikageuka bluu. Mhudumu wa kanisa aliyekuwa akifagia alipiga ukelele. Mwalimu alifurahi kama mtu aliyefikiwa na mgeni aliyemngoja. "Sasa najua inaishia wapi," alisema, akairudisha hatua mbili nyuma, siyo moja. Nikamuuliza ya pili ni ya nini. "Ya joto la kiangazi."

Kesho yake aliniita nisikilize. Akafungulia treki zote za wimbo mmoja kwa pamoja na haukukatika mahali popote.

Sisemi alikuwa malaika wa tahadhari. Wakati mwingine tahadhari yake ilikuwa ukaidi uliovaa shati safi. Tulialikwa kuimba Goziba, kule kisiwani, na wavuvi walitutayarishia jenereta kwa ajili ya spika zetu. Mwalimu aliizunguka, akainama, akatega sikio la kushoto, akatangaza kwamba inakohoa na hatachomeka kitu. Tukaimba bila spika, upepo wa ziwa ukala sauti zote, na watu wa nyuma waliona midomo tu. Jenereta ile ilikaa ikinguruma salama, ikiwasha taa za kambi nzima, mpaka tunaondoka. Ndani ya boti nilimwambia, "Mwalimu, mbona haikuharibika?" Alijibu bila kupepesa: "Haikuharibika kwa sababu sikuichomekea." Tulicheka mpaka mwendesha boti akatuuliza kulikoni.

Sasa niseme habari ya kuungua.

Kulikuwa na mgeni anakuja kutoka jimboni kusikiliza kazi ilipofikia, na kamati ilitegemea neno lake. Kwetu mgeni wa heshima hakanyagi sakafu tupu. Zinakatwa nyasi laini, mbichi, zinatandikwa chumba kizima, na harufu yake peke yake inatosha kusema karibu. Akina mama wa soprano waliamka wakakata nyasi, wakatandika chumba cha kwaya mpaka kikapendeza kuliko madhabahu. Sisi alto tulikuwa jikoni na ndizi. Meza ya kompyuta ikahitajika kwa ajili ya chakula, basi wakaliinua lile sanduku kwa heshima zote na kuliweka sakafuni, juu ya nyasi, wakalisukumia nyingine pembeni lisionekane limetupwa. Mwalimu alikuwa barabarani kumpokea mgeni. Aliporudi naye, watu wote wamekaa, na hakuna mzee anayeanza kuhamisha vyombo mbele ya mgeni. Akawasha.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, feni zikaanza kulia kama zinapanda mlima. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia, nikamwona Mwalimu anatazama kipimo cha joto pembeni mwa skrini, mkono wake ukienda kwenye kipanya. Haukufika. Sanduku likazima lenyewe, kimya, na kukawa na harufu ya majani makavu.

"Mwalimu, umeiunguza mashine ya kanisa," Mwenyekiti alisema, hata bila kupunguza sauti.

"Haijaungua, imejizima. Niliiambia ikifika joto fulani ijizime, ikatii. Humu ndani ni yenyewe tu inayonitii."

"Tulikwambia uache kuichokoa."

Mwalimu alichomoa waya, akapiga magoti kwenye nyasi na suti yake ya Jumapili, akafungua ubavu wa sanduku. Mimi nilikuwa nyuma yake. Feni ya chini ilikuwa imevuta nyasi na yale manyoya mepesi ya mbegu mpaka ikasokotwa, na ya mbele vilevile. Akina mama walikuwa wamejipanga ukutani, mikono mapajani, wakimtazama. Alichopoa fumba zima la nyasi, akalikunja ndani ya kiganja, akalitia mfukoni mwa koti.

"Vumbi," alisema, akisimama. "Sikulipangusa. Ni mimi."

Hivyo ndivyo habari ilivyotoka nje ya chumba kile, na hivyo ndivyo inavyosimuliwa mpaka leo. Baadaye nilimfuata kwenye migomba yake, hasira zimenipanda, nikamwambia kwa nini amekubali kuchafuliwa wakati ameshika ushahidi mkononi. Alikuwa anakata majani makavu na hakuacha.

"Ningesema nyasi, Alto, wasingetandika tena."

"Kwa hiyo bora useme umeunguza?"

"Sijasema nimeunguza. Nimesema vumbi. Kuunguza wamesema wao."

Mashine ilikuwa nzima. Aliisafisha, akaiwasha na namba za kiwandani, ikawaka kama jana. Halafu hakuruka kurudi pale alipokuwa amefika. Alianza tena chini kabisa, hatua ya kwanza, mateso, joto, hatua ya pili, wakati kamati ilishampa mpaka Pasaka na baada ya hapo treki zote ziende Mwanza. Nikamwambia anapoteza muda aliokwisha kuulipia. Akaniuliza kama kwaya ikitoka kwenye mafua huwa tunaianzishia wimbo wa Krismasi. Na sanduku akaliweka juu ya kigoda. Mgeni mwingine alipokuja, nyasi zilitandikwa, mbichi, chumba kizima.

Alimaliza kabla ya Pasaka. Kila asubuhi, saa yake moja, mlango umefungwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia, hata mimi. Alipotoka na flashi alimpa Mwenyekiti na kwenda kunawa mikono. Nyimbo zile zimefika kila mahali. Zimepigwa misibani Kanazi na harusini Muleba, zinapigwa kwenye boti za Goziba, na wako watu wa Dar wanaopiga simu kuziomba. Hazina ngoma ya mashine hata moja. Nilijivuna wakati ule na najivuna sasa.

Mwaka uliopita Mwalimu alihamia Muleba, kwa binti yake. Kwaya ikapata mwalimu mpya, kijana msomi wa muziki, mwenye adabu zake. Ndiye aliyesema mbele ya kamati kile ambacho wengi wetu tulikuwa tumekisikia tukanyamaza, kwamba soprano zimewekwa juu mno, zinafunika sauti nyingine. Ni kweli. Kwenye spika nzuri zinachoma. Kamati ikafurahi, ikasema sasa basi zipelekwe Mwanza zikarekebishwe, ila itakuwa adabu kumwomba Mwalimu ridhaa yake. Wakanituma mimi, kwa sababu nilikuwa mtu wake.

Nilimkuta barazani, anachambua kahawa kwenye ungo. Amepungua. Binti yake alikuwa akimwelekeza kwa mikono, na wajukuu walimpita wakipiga kelele bila yeye kugeuka. Nilipomwinamia na kusema "Shikamoo, Mwalimu," aliinua kichwa.

"Alto! Marahaba. Wewe nakusikia. Sauti yako iko chini. Hawa wa hapa ni ndege tupu, naona midomo."

Tulikula, tukatafuna buni, nikachelewesha mpaka nikajichukia. Mwishowe nikasogea karibu na sikio la kushoto.

"Nimetumwa na kamati. Kuhusu zile nyimbo."

"Wanasemaje?"

"Wanasema soprano ziko juu sana." Halafu nikaona hastahili maneno nusu. "Na ni kweli, Mwalimu. Ziko juu. Wanataka wazishushe."

Nilitegemea akasirike. Alichekea ungo.

"Ziko juu. Ningekosaje kujua? Mistari ya kupimia sauti ilikuwa myekundu skrini nzima. Masikio yalikufa, macho ninayo."

"Sasa mbona uliziacha?"

Aliendelea kutoa kahawa mbovu, moja moja, akizitupa chini.

"Niliziweka mahali pake panapotakiwa, kama kitabu kinavyosema. Zikapotea. Nikakaa pale nasikiliza kwaya yangu haina akina mama. Besi wapo, nyie mpo, juu kumenyamaza kama mmewazika. Nikapandisha kidogo. Hakuna. Nikapandisha tena. Nikawa napandisha mpaka nikamsikia yule wa mwisho kushoto anavyovuta pumzi kabla hajaingia. Unamjua anavyovuta? Basi. Nikaacha hapo." Akapuliza ungo. "Nilitaka niwasikie na mimi."

Nililia, na sioni aibu kusema nililia.

Aliponisindikiza mpaka barabarani alinishika mkono. "Waambie wafanye wanavyoona inafaa," alisema. "Wao ndio wenye masikio."

Jumanne, kabla ya mazoezi, kamati ilikuwa imekaa inanisubiri. Mwenyekiti akaniuliza Mwalimu amesemaje.

Nikawaambia amekataa.